Nyamrerwa na Majina Yake Manne

Kwetu Kamagambo, kaunti ya Migori, ukitaka kujua mtu alizaliwaje, muulize jina. Otieno na Atieno walizaliwa usiku. Okoth na Akoth walikuja mvua ikinyesha. Owino na Awino walitoka kitovu kikiwa kimewazunguka. Opiyo ni pacha wa kwanza, Odongo ni wa pili. Halafu kuna sisi akina Oyoo na Ayoo. Yoo ni njia. Sisi tulizaliwa njiani.

Mimi nilizaliwa mwaka wa 1999, kando ya barabara ya vumbi inayoelekea Rongo. Mama alikuwa amekalishwa nyuma ya baiskeli, baba akisukuma, nyanya akifuata kwa miguu na kisanduku chake cha bati. Walipofika kwenye daraja dogo mama akasema hawezi tena. Nyanya akatandika leso kwenye nyasi, akamtuma baba akasimame mbali awazuie wapita njia, na kabla jua halijawa kali nikawa nimefika. Nyanya hajawahi kunisimulia kisa hicho kama jambo la ajabu. Kwake ilikuwa kazi, na mimi nilikuwa mmoja kati ya wengi.

Kuna jina jingine ambalo watu husahau maana yake: Owiti, au Awiti akiwa msichana. Linatoka kwenye neno wito, yaani kutupa. Mama aliyekuwa amezika watoto mmoja baada ya mwingine, akijaliwa tena, kichanga kililazwa nje kana kwamba kimetupwa, kisha mwanamke mwingine akapita, akakiokota na kumrudishia. Ilikuwa namna ya kukihadaa kifo, kidhani mtoto huyu hana mwenyewe. Leo majina hayo yamejaa kwenye rejista za shule za Homa Bay na Migori, na tunayaita bila kufikiri. Lakini yasome polepole. Hiyo ni sensa ya vifo vya watoto, iliyowekwa na watu ambao hakuna aliyewahi kuwatumia karani wa kuwahesabu.

Nyanya aliwaokota akina Awiti kadhaa. Alikuwa nyamrerwa, neno la Kijaluo la mwanamke anayejua dawa za kina mama na watoto na mwenye mikono ya kuzalisha. Tangu uhuru, serikali na wafadhili wamempa mwanamke huyu majina manne: mkunga wa jadi, kisha CHW, kisha CHV, na sasa CHP. Nataka kuyafuata majina hayo moja moja, kwa sababu kila mara jina lilipobadilika kulikuwa na sababu, na mara nyingi sababu yenyewe ilikuwa ya kweli. Kitu ambacho kilichelewa sana kubadilika ni mfuko wake.

*

Wamisionari Waadventista walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka wa 1906. Hospitali ya misheni ikafuata hapo Kendu miaka ya 1920. Wakatoliki nao wakajenga misheni zao, na kila misheni ikawa na chumba cha dawa. Lakini hebu fikiria eneo lenyewe: kutoka visiwa vya Rusinga na Mfangano hadi mpaka wa Tanzania kule Kuria, milima, mito na ziwa, na hospitali za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Mama wa Ndhiwa aliyeshikwa na uchungu saa nane za usiku angefika Kendu na nini? Aliitiwa nyamrerwa. Mkoloni hakumwajiri nyamrerwa wala hakumfukuza. Hakumwona.

Uhuru ulipokuja mwaka wa 1963, serikali ilitangaza maadui watatu: umaskini, ujinga na magonjwa. Mwaka wa 1965 ada ya shilingi 5 iliyotozwa wagonjwa wa kutwa ikafutwa. Watu wakachanga kwa Harambee, wakajenga zahanati wenyewe, matofali yao na mabati yao, wakingoja serikali ilete muuguzi na dawa. Kuna mahali muuguzi alifika. Kuna mahali jengo lilibaki na popo.

Kufikia miaka ya 1970 ilikuwa wazi duniani kote kwamba hospitali peke yake haitamfikia mtu wa kijijini. Kenya ilijaribu jambo jipya Kakamega mwaka wa 1977: kuwafunza wanakijiji waliochaguliwa na wenzao kuangalia afya ya majirani. Mwaka uliofuata, Septemba 1978, mataifa yalikutana Alma-Ata, katika Kazakhstan ya Kisovieti wakati huo, yakatangaza afya kwa wote ifikapo mwaka wa 2000, na kwamba mtu wa kwanza katika mfumo wa afya aweza kuwa mhudumu wa kijijini, hata mkunga wa jadi, akipewa mafunzo.

Sisi wa Nyanza tulikuwa na mfano wetu. Mwaka wa 1979, kule Saradidi, Asembo, ng'ambo ya ghuba ukitazama kutoka Homa Bay, daktari Dan Kaseje na wanakijiji walianzisha mradi wa afya uliojengwa juu ya watu waliochaguliwa na vijiji vyenyewe. Walikaa mikutanoni, wakataja shida zao kwa mpangilio wao, kisha wakawachagua wa kufunzwa. Miaka ya 1980 wahudumu wa Saradidi walikuwa wakiwapa majirani dawa ya malaria nyumbani, kazi ambayo hapo awali ilidhaniwa inahitaji koti jeupe. Na watu wa Asembo waliwaita nani wahudumu hao? Nyamrerwa. Hawakutafuta neno jipya. Walimwona mtu anayefanya kazi ile ile, wakampa jina lile lile.

Kwa hiyo nyanya alipoitwa kwenye mafunzo, miaka ya themanini, hakuona kama anageuzwa kuwa kitu kingine. Aliketi siku kadhaa kwenye bango la kanisa pamoja na wanawake wengine, wengi wao hawakujua kusoma. Walifundishwa kuchemsha mkasi, kunawa kwa sabuni, kutokata kitovu kwa wembe mkuukuu au ganda la muwa, kutopaka samadi kwenye kitovu, na dalili ambazo ukiziona lazima umpeleke mama hospitali. Mwishoni akapewa kisanduku cha bati na cheti. Cheti kilisema yeye ni mkunga wa jadi. Hilo ndilo jina la kwanza. Mshahara haukutajwa, na yeye hakuuliza. Familia ikipata mtoto ilimletea kuku, sukari, wakati mwingine kitambaa, wakati mwingine asante.

*

Februari 1987 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mkutano mkubwa wa dunia kuhusu uzazi salama. Ni pale ambapo vifo vya kina mama vilitangazwa rasmi kuwa janga la dunia, baada ya miaka mingi ambapo miradi ya mama na mtoto ilikuwa ikimtazama zaidi mtoto. Inauma ukijua kilichofuata nyumbani. Desemba 1989, kwa shinikizo la mikopo na mageuzi ya uchumi, Kenya ikarudisha malipo hospitalini. Waliita kuchangia gharama. Ada ilisimamishwa 1990 watu walipopungua kliniki, kisha ikarudi. Kwa hiyo ile zahanati ambayo babu zetu waliijenga kwa matofali yao, sasa mjukuu alitakiwa kulipa kuingia.

Na wakati huo huo, ugonjwa mwingine ulikuwa umeingia. Kisa cha kwanza cha UKIMWI nchini kilithibitishwa 1984. Kando ya ziwa, kwenye fuo ambako mvuvi ana pesa leo na kesho hana, ulienea kama moto wa nyasi kavu. Watu waliuita ayaki. Wengine walisema ni chira, laana ya aliyevunja miiko, na ukisema chira hakuna haja ya kupima. Miaka ya tisini kila Jumamosi ilikuwa na mazishi. Nyanya alikuwa bado anazalisha, na glavu alizopewa kwenye mafunzo zilikuwa zimeisha zamani.

Hapo ndipo wataalamu walipoanza kuuliza swali gumu. Wakunga wa jadi walikuwa wamefunzwa kwa maelfu, Afrika na Asia, na vifo vya kina mama havikuwa vimeshuka kama ilivyotarajiwa. Oktoba 1997, kwenye mkutano wa Colombo wa kuadhimisha miaka kumi tangu ule wa Nairobi, upepo uligeuka: kila mama azalishwe na mtu mwenye ujuzi wa kitaalamu, muuguzi, daktari au mkunga aliyesomea. Mafunzo ya wakunga wa jadi yakapoteza wafadhili. Polepole ujumbe ukafika kijijini ukiwa umekunjwa na kuwa mfupi: nyamrerwa asizalishe.

Nilipokuwa mdogo nilifikiri huo ulikuwa uonevu mtupu. Watu wa mjini wamekuja kumpokonya nyanya yangu kazi. Baadaye nikajua kisa cha shangazi.

Shangazi yangu, mdogo wa baba, aliolewa kijiji cha pili kutoka kwetu. Mwaka wa 2003 alishikwa na uchungu usiku wa mvua. Kwao walisubiri kwanza, maana mume alikuwa amesafiri na hakuna aliyetaka kuamua bila yeye. Kisha wakamwita nyanya. Mtoto alitoka salama, kondo la nyuma likakataa, damu ikaanza. Nyanya alifanya yote aliyofundishwa. Alimsugua tumbo, akamweka mtoto kwenye titi, akaomba gari litafutwe. Trekta ya miwa ndiyo iliyopatikana. Kituo walichokifikia kwanza kilikuwa kimefungwa, na mlinzi akawaambia wajaribu mbele. Hawakufika mbele.

Mwanamke anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili. Dawa ya kulibana tumbo la uzazi ipo na ni ya bei nafuu, lakini inataka jokofu na mtu wa kuidunga. Damu ya kuongezewa inataka benki ya damu. Mikono, hata iwe na busara kiasi gani, haina damu ndani yake. Mwaka wa 1994 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Columbia, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika kwamba mama hufa kwa kucheleweshwa mara tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Nilipoyasoma hayo, chuoni, kabla sijaacha, ilinibidi nifunge laptopu. Walikuwa wameandika usiku wa shangazi miaka tisa kabla haujatokea.

Nyanya hakuzalisha tena nyumbani baada ya hapo. Hakuna afisa aliyekuja kumkataza. Alikiweka kisanduku juu ya kabati, na mama yeyote aliyemjia aliambiwa, "Twende pamoja." Akawa anawasindikiza kwa miguu. Akifika kwenye mlango wa wadi anazuiwa, anakaa nje kwenye benchi hadi asikie kilio cha mtoto. Kuku hawakuja tena, kwa sababu watu walimpa asante yao muuguzi.

*

Kilichobadilisha mambo kwanza upande wetu ilikuwa dawa za virusi. Madaktari Wasio na Mipaka walianza kazi ya UKIMWI Homa Bay mwaka wa 1996, na mwaka wa 2001 wakaanza kutoa dawa za kupunguza makali bure kwenye hospitali ya serikali, wakati ambapo wengi duniani bado walikuwa wanasema Mwafrika wa kijijini hataweza kuzimeza kwa saa. Aliweza. Lakini aliweza kwa sababu kulikuwa na mtu wa kumkumbusha: jirani, mjane mwenzake, mama wa chama. Dawa zilipokuwa bure katika hospitali zote za umma mwaka wa 2006, jeshi la kina mama wa kutembelea wagonjwa nyumbani lilikuwa tayari limejijenga lenyewe. Walijifunza kubeba wagonjwa kabla ya kujifunza kujaza fomu.

Na kumkinga mtoto dhidi ya virusi vya mama kulimpa kila mtu sababu mpya ya kufika kliniki mapema. Kipimo kiko kliniki, dawa iko kliniki. Nyamrerwa akawa mlango wa kuingilia, badala ya kuwa mwisho wa safari.

Mwaka huo huo wa 2006 serikali ilitoa mkakati wa afya ya jamii. Kwenye karatasi ulikuwa mzuri: watu 5,000 wawe kitengo kimoja, wahudumu 50, kila mmoja nyumba 20. Hapo ndipo jina la pili lilipofika, CHW, mhudumu wa afya ya jamii. Mama alichaguliwa kwenye baraza la chifu. Nyanya alikuwepo, na wanawake walipotaja jina la mkaza mwanawe alinyamaza tu. Alijua nani ametajwa hasa.

Karibu na kwetu, kule Lwala, North Kamagambo, kulikuwa na jambo ambalo kila mtu alikuwa akilizungumzia. Wanakijiji waliuza kuku na ng'ombe wakamnunulia kijana wao Milton Ochieng' tiketi ya ndege, akasome Chuo cha Dartmouth, Marekani. Mdogo wake Fred akamfuata. Walipokuwa huko masomoni, wazazi wao wote wawili wakafa kwa UKIMWI. Baba yao alikuwa na ndoto ya kliniki. Vijana wakachangisha, na mwaka wa 2007 kliniki ikafunguliwa. Kuna filamu kuhusu ndugu hao, Sons of Lwala, lakini sehemu ninayoipenda zaidi ni iliyofuata kamera zilipoondoka. Watu wa Lwala waliwaendea wale wale wakunga wa jadi, wakawafunza upya na kuwaajiri wawe wahudumu wa kutembelea kina mama wajawazito na watoto na kuwafikisha hospitalini. Waliwasimamia, na waliwalipa.

Hiyo ya mwisho ndiyo ilikuwa habari. Mama alikuwa akitembelea nyumba 20 bure, na kilima kimoja tu mbali naye mwenzake anatembea kazi ile ile na mwisho wa mwezi ana kitu mkononi. Alisema mara moja tu, akipepeta mahindi: "Kumbe inawezekana."

*

Jina la tatu lilikuja baada ya katiba mpya kuzaa kaunti. Mwaka wa 2013 afya ikashushwa kwa magavana, na katika mabadiliko ya miaka hiyo CHW akawa CHV. Ile V ni ya kujitolea. Yaani kabla ya hapo alikuwa mfanyakazi asiyelipwa, na sasa walirekebisha jina ili lilingane na mshahara.

Lakini nisiwe mwenye kuona upande mmoja. Juni 1, 2013, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kujifungua bure katika hospitali za umma, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Kile kizuizi cha 1989 kikaanguka, angalau kwa mama mjamzito, na baadaye mpango ukaitwa Linda Mama. Kwa hesabu zilizotokana na sensa ya 2009, Migori ilikuwa ikipoteza kina mama 673 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, na Homa Bay 583. Kaunti zote mbili zilikuwa kwenye orodha ya 15 zenye mzigo mkubwa zaidi nchini. Ukiwa umetoka kwenye orodha kama hiyo, huduma ya bure huwezi kuidharau.

Tatizo ni kwamba bure ilifungua mlango wa wadi, haikumwamsha mume aliyesafiri wala kutengeneza barabara. Ile michelewo miwili ya kwanza ilibaki mikononi mwa CHV. Ni yeye aliyejua nani amekosa hedhi na anaficha. Ni yeye aliyeweka namba ya mwendesha boda anayekubali kuamshwa saa tisa za usiku. Mwaka wa 2017 tukaona vizuri uzito wake. Madaktari walikuwa wamegoma siku 100 hadi Machi, kisha wauguzi wakagoma kuanzia Juni hadi Novemba. Wadi zikafungwa. Kina mama waliokuwa wamefundishwa miaka kumi kwamba nyumbani hakuzaliwi wakaja kubisha kwa nyanya. Alikuwa na zaidi ya miaka sabini, mikono imeanza kutetemeka. Wawili aliwatafutia gari hadi hospitali ya misheni. Mmoja hakungoja gari. Nyanya alipanda kiti, akakishusha kisanduku kutoka juu ya kabati. Yule mtoto yuko shule sasa.

Upande wa watoto, mambo yaligeuka kwa namna ambayo wazee hawaiamini. Mwaka wa 2003, katika mkoa wa Nyanza, watoto 206 kati ya kila 1,000 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Mmoja kati ya watano. Utafiti wa 2008 na 2009 ulikuta 149. Ule wa 2014 ukakuta 82. Neti za mbu, dawa mpya ya malaria, chanjo, dawa za virusi kwa kina mama: kila moja ina sehemu yake. Lakini neti haijifungi yenyewe kitandani. Wapo waliokuwa wakitumia neti kufugia vifaranga au kuanika omena, na ni mtu wa kijiji, anayejua mwenye nyumba ni mkali au mcheshi, aliyeweza kuingia na kusema, "Mama Otieno, hii si ya kuku."

Septemba 13, 2019, Kenya ilizindua chanjo ya kwanza ya malaria, na haikuzinduliwa Nairobi. Ilizinduliwa Ndhiwa, Homa Bay. Ilitolewa mara nne, ya mwisho mtoto akiwa na miaka miwili, wakati ambapo mama ameshasahau kliniki na pengine ana mimba nyingine. Nani anakumbuka tarehe hiyo? Mama yangu anaikumbuka. Ameiandika kwa kalamu nyuma ya mlango, majina yote na miezi yote.

*

Jina la nne lilifika Septemba 2023. Rais William Ruto aliwaaga Uhuru Park wahudumu 100,000 wa nchi nzima, sasa wakiitwa CHP, wahamasishaji wa afya ya jamii. Walipewa mikoba yenye mashine ya kupima shinikizo la damu, ya kupima sukari, mizani ya watoto, kipimajoto. Walipewa simu za kuingizia taarifa. Oktoba 19 mwaka huo huo, Sheria ya Afya ya Msingi ikatiwa saini na kwa mara ya kwanza mtu huyu akatajwa ndani ya sheria ya nchi. Na akaahidiwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu, nusu kutoka kaunti.

Wakati huo nilikuwa nimerudi nyumbani. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imetushinda, na nilikuwa nikijifanya naandika. Mama akanipa kazi: simu ilikuwa inamsumbua, programu inamfungia nje. Kwa hiyo nikawa natembea naye nyumba hadi nyumba, yeye anauliza, mimi nabonyeza. Nilikuwa naijua kazi yake maisha yangu yote na sikuwa nimewahi kuiona. Hauingii na maswali. Unaingia na habari za mvua. Unamsifu ng'ombe. Unamshika mtoto kana kwamba unacheza naye, kumbe unahisi joto la shingo na kutazama kama mbavu zinaingia ndani akipumua. Ukishamaliza ndipo unasema, "Twende zahanati kesho, nitakupitia." Programu ina nafasi ya kuandika joto la mtoto. Haina nafasi ya kuandika ng'ombe.

Sasa tupige hesabu. Mama ana takriban nyumba 100. Shilingi 5,000 kwa nyumba 100 ni shilingi 50 kwa kila nyumba kwa mwezi. Nauli ya boda kutoka kwetu hadi barabara ya lami ni zaidi ya hapo. Na hiyo ni ikija. Katika kaunti mbalimbali wahudumu wamelalamika kwamba nusu moja hufika na nyingine huchelewa miezi. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, miradi mingi ya virusi kando ya ziwa ikayumba, na watu waliokuwa wakifuatiliwa na mradi wakawa wanauliza wamuulize nani. Walimuuliza jirani yao mwenye mkoba.

Sisemi shilingi 5,000 si kitu. Siku ya kwanza zilipoingia kwenye simu, mama aliketi kwenye kigoda akasoma ule ujumbe mara tatu, kisha akanituma sukari kilo mbili. Moja ya kwetu, moja ya nyanya. Nyanya aliuliza sukari ni ya nini, hakuna aliyezaa. Mama akamwambia, "Ni ya wale wote, Mama." Nyanya aliipokea kwa mikono miwili.

Ninachosema ni kwamba historia hii imeandikwa mara nyingi kama hadithi ya mipango: Alma-Ata, Nairobi, Colombo, mkakati, sheria. Mipango ilihitajika. Bila wadi, damu na muuguzi aliye macho, nyamrerwa anabaki kusugua tumbo gizani, na mimi sitamwambia mtu yeyote arudi huko. Lakini kila mpango ulipofika kijijini ulimkuta mwanamke yule yule ameshaanza kazi, na karibu kila mpango ulihesabu jasho lake kama kitu cha bure, kama maji ya mvua. Miaka arobaini na zaidi tunamfunza, tunampima, tunambadilishia jina na fulana. Lwala ilionyesha kwamba unaweza pia kumlipa, na hakuna kilichoharibika.

Kisanduku cha nyanya kingali juu ya kabati. Mkoba wa mama unaning'inia kwenye msumari chini yake. Mwezi uliopita simu ililia saa tisa usiku, binti wa miaka kumi na tisa, mimba ya kwanza, maji yamevunjika. Mama akavaa gumbuti, mimi nikashika tochi, boda akaja baada ya dakika kumi. Alfajiri mama alirudi amechoka, viatu mkononi. Nyanya alikuwa ameamka, ameketi mlangoni.

"Amezaa nini?"

"Msichana. Hospitalini, saa kumi na mbili kasoro. Watamwita Akinyi."

Nyanya akahesabu kitu kwa vidole, akanitazama, akacheka.

"Nyinyi akina Oyoo," akasema, "mtaisha."